Nguruwe wa Nyumbani na Historia ya Banda Lake

Neno nguruwe ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Mzulu husema ingulube, Mshona husema nguruve, Mnyarwanda husema ingurube, na Mkikuyu husema ngũrwe. Maneno haya yanafanana kwa sababu yametoka katika shina moja, nayo yalitumika kumtaja mnyama wa mwituni, yule aliyeingia mashambani usiku akafukua mihogo na viazi, na ambaye wawindaji walimtegea mitego na kumsaka kwa mbwa. Nguruwe afugwaye, kwa upande wake, ni mgeni katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Alipoletwa alikuta jina limekwisha kuwapo, likimngoja kama mkeka uliotandikwa barazani. Katika makala hii tunakusudia kumtazama mgeni huyo katika kaya ya mkulima mdogo, na kueleza kwa nini historia yake, tukiichunguza vema, ni historia ya banda.

Katika nyanda za juu za bara, ufugaji wa nguruwe ulienea hasa tangu mwisho wa karne ya 19, ulipokuja utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Wamisheni walifuga kwa ajili ya meza zao, na walowezi wa Kenya walifuga kwa ajili ya biashara, hata pakawa na kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Uplands, karibu na Limuru. Kutoka huko mnyama alipita polepole mikononi mwa wananchi. Leo hii wafugaji wadogo wako wengi Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Ruvuma, katika milima ya Mbulu, na katika vihamba vya Kilimanjaro.

Sababu ya kupendwa kwake si ngumu kuiona. Ng'ombe huhitaji malisho mapana, na mbuzi huhitaji mtoto wa kumchunga. Nguruwe hula kile ambacho kaya imekwisha kukitumia: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, maganda ya viazi na ndizi, majani ya magimbi, na machicha ya pombe. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 114 hivi, ambazo wafugaji huzikumbuka kwa hesabu nyepesi ya miezi 3, majuma 3 na siku 3. Huzaa watoto wengi kwa mara moja, na wale wa jamii bora, wakilishwa vizuri, hufikia uzito wa kuchinjwa kabla ya kutimiza mwaka. Hakuna mnyama mwingine mkubwa wa nyumbani anayegeuza mabaki kuwa nyama kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mkulima hamfugi kwa ajili ya kitoweo cha kila siku. Humfuga kama akiba. Ada ya shule ikifika, nguruwe mmoja huuzwa. Akitokea mgonjwa, wa pili huuzwa. Bati la nyumba likihitajika, wa tatu naye huenda. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba hii ina damu na pumzi, nayo yaweza kuangamia yote kwa juma moja.

Maangamizi hayo yalianza kuandikwa vitabuni hapa hapa kwetu. Mnamo mwaka 1921 daktari wa mifugo aitwaye R. Eustace Montgomery alitangaza habari za ugonjwa aliouchunguza katika mashamba ya walowezi wa Kenya kwa miaka kadhaa iliyotangulia. Nguruwe walishikwa na homa kali, ngozi ikageuka rangi ya zambarau masikioni na tumboni, kisha karibu wote wakafa. Ugonjwa huo ndio uitwao leo homa ya nguruwe ya Afrika. Haumdhuru binadamu, lakini hauna tiba.

Asili yake ni kisa cha ajabu. Virusi vya homa hiyo vilikuwako tangu kale katika mwili wa ngiri, navyo havimdhuru. Katika mashimo anamolala ngiri huishi papasi, mdudu ambaye wazee wetu wanamjua vizuri, kwa kuwa jamaa zake wakaao katika nyufa za kuta za udongo ndio waletao homa ya papasi kwa watu. Papasi humwuma ngiri mchanga shimoni na kumwambukiza. Ngiri naye humwambukiza papasi mwingine, na mzunguko huo huendelea bila msiba. Mgeni alipokuja, akaachiliwa kuzurura katika malisho yale yale ya ngiri, aliingia katika mzunguko huo bila kinga yoyote. Montgomery na wenzake wakaona jambo moja lililo wazi: nguruwe waliozurura ndio walioteketea, na waliofungiwa ndani ya uzio imara, mbali na ngiri, mara nyingi walinusurika. Hapo ndipo banda lilipoanza kuwa ngome. Likitengenezwa kwa mbao au tofali zilizopigwa lipu, lisiwe na nyufa za papasi kujificha, humtenga mgeni na jamaa yake wa porini.

Fundisho hilo halikusikika kila mahali. Mwaka 1957 homa hiyo ilivuka bahari kutoka Angola ikafika Lisbon, ambako nguruwe walikuwa wamelishwa mabaki ya chakula cha ndege za abiria. Ureno na Hispania zilihangaika nayo hadi miaka ya 1990. Mwaka 1971 ilifika Kuba. Mwaka 1978 ilifika Jamhuri ya Dominika, na kutoka hapo ikaingia Haiti.

Yafaa tutue kidogo Haiti, kwa maana wakulima wake ni wajukuu wa Waafrika, na maisha yao yanafanana na ya kaya zetu. Walifuga nguruwe wadogo weusi, wavumilivu, waliokula mabaki na kustahimili jua na njaa. Nguruwe huyo ndiye aliyekuwa benki ya mnyonge: ndiye aliyelipa ada ya shule, arusi na mazishi. Kwa kuhofia homa isienee Marekani, kati ya mwaka 1982 na 1983 uliendeshwa mpango wa kuwaua nguruwe wote wa nchi ile, kwa fedha za Marekani, Kanada na Mexico. Mamia ya maelfu waliuawa, wazima kwa wagonjwa. Nguruwe weupe walioletwa kutoka Marekani badala yao walidai chakula cha kununua, maji safi, na banda la sakafu ya saruji lililopita kwa ubora nyumba ya mwenye kuwafuga. Wananchi wakawabeza kwa kuwaita wana wa wafalme wenye miguu minne. Wakulima wengi hawakuweza kuwatunza, na akiba yao ikawa imekwisha. Kwa hiyo tusidhani kwamba banda lolote ni jema. Banda jema ni lile linalolingana na kimo cha mfugaji, lijengwalo kwa mbao na mawe ya mahali pale, na kujazwa chakula kitokacho katika shamba lile lile.

Homa hiyo haijakoma. Mwaka 2007 ilitokea Georgia, ikiwa ya jamii ile ile ya virusi iliyokwisha kuonekana Msumbiji, Madagascar na Zambia, na mwaka 2018 ikafika China. Kwetu Tanzania, mlipuko ulioanza Kyela mwaka 2010 ulifuata barabara kuu kupitia Mbeya, Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam. Safari hiyo haikufanywa na ngiri. Ilifanywa na watu, kwa kusafirisha nguruwe na nyama. Mfugaji aonapo mmoja ameugua, huharakisha kuwauza wengine kabla hawajafa. Hatumlaumu kwa wepesi, maana anajaribu kuokoa ada ya mwanawe. Lakini anachokiuza ni msiba wa jirani yake.

Adui wa pili wa ufugaji huu ni mdogo zaidi, naye humgusa binadamu mwenyewe. Nguruwe azururaye hula kila kitu, hata kinyesi cha watu pasipo na choo. Ikiwa mtu huyo ana minyoo aina ya tegu, mayai ya tegu huingia katika mwili wa nguruwe na kufanya vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama, kama punje za mchele. Alaye nyama hiyo bila kuiva vema hupata tegu tumboni. Na mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, vifuko hivyo vyaweza kuota ubongoni mwake na kuleta kifafa. Utafiti uliofanywa Mbulu na katika nyanda za juu za kusini umeonyesha kwamba jambo hili ni la kweli katika vijiji vyetu. Ni watoto wangapi waliodhaniwa kuwa wamerogwa au wana laana ya ukoo, wakafichwa ndani na kunyimwa shule, kumbe chanzo kilikuwa choo kisichochimbwa na nguruwe asiyefungwa! Hapa banda na choo ni ndugu wawili. Kimoja kikikosekana, cha pili hakitoshi.

Liko jambo la tatu, nalo ni la utu. Taifa letu ni la Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, wakaao kijiji kimoja na kuchota maji kisima kimoja. Kwa Mwislamu, nguruwe ni najisi. Kwa Mkristo wa Mbozi, ni karo ya shule. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam, na nchi ikashtuka kuona jinsi jambo la kitoweo lilivyoweza kugusa amani. Lakini kwa kila tukio la namna hiyo, ziko kaya nyingi ambazo zimeishi kwa adabu bila kuandikwa gazetini. Mfugaji mwungwana hujenga banda lake mbali na kisima na uwanja wa jirani, hamwachi mnyama wake kuingia kwa watu, na mgeni Mwislamu afikapo humpikia katika chungu kingine, au humchinjia kuku kwa mkono wa Mwislamu mwenzake. Jirani naye hazuii riziki ya mwenziwe. Ustaarabu huo haukuletwa na sheria peke yake. Umetokana na malezi.

Tukiyakusanya haya yote, twaona kwamba ukuta mmoja hufanya kazi tatu: humkinga nguruwe na ngiri na papasi, humkinga mtoto na kifafa, na huilinda heshima baina ya majirani. Walimu wa historia, wa kilimo na wa elimu ya viumbe waweza kulifundisha jambo hili kwa pamoja, kwa maana banda la nguruwe lina habari za wote watatu. Wanafunzi nao wawaulize wazee wao ni nani aliyemleta nguruwe wa kwanza kijijini, alifungwa wapi, na alilipia nini. Majibu hayo ni sehemu ya historia ya taifa, sawa na habari za watawala na vita, kwa sababu elimu ya vijana wengi wa nchi hii imelipiwa na mnyama huyu, ambaye hatukuzoea kumtaja katika vitabu vyetu.