Dhahabu Hewa ya Busang: Nusu Nyingine ya Jiwe Iko Wapi?

Kwa Mkenya, dhahabu hewa si story ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kwenye sakata ya Goldenberg, serikali ililipa mabilioni ya shilingi eti kuzawadia mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo. Lakini kuna dhahabu hewa nyingine iliyotikisa dunia nzima, na ilitoka kwa msitu huko Indonesia. Ukiielewa hiyo, utaelewa pia kwa nini nasema kazi ya teknishani wa jiolojia inadharauliwa bure.

Kwanza kazi yenyewe. Kampuni ikitafuta madini haianzi na shimo kubwa. Inaleta mtambo unaochimba shimo jembamba, wakati mwingine mamia ya mita kwenda chini, na kutoa mwamba ukiwa umbo la fimbo, unene kama wa chupa ya soda. Mwanajiolojia ndiye atausoma na kuutafsiri. Lakini anayepanga vipande kwa sanduku kwa mpangilio vilivyotoka ardhini ni teknishani. Anapima mita ngapi zimetoka na ngapi zimepotea, anaandika kina, anapiga picha, kisha fimbo inakatwa katikati kwa msumeno. Nusu inaingia kwa mfuko wenye namba na kwenda maabara. Nusu nyingine inarudi kwa sanduku na kuhifadhiwa.

Ni kazi ya jua, vumbi na matope, siyo ya kuposti. Lakini hiyo nusu inayobaki ndiyo ushahidi. Mtu yeyote akitilia shaka matokeo, anafungua sanduku na kupima tena.

Sasa twende Busang, ndani ya msitu wa Kalimantan Mashariki, kisiwa cha Borneo. Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Kanada inayoitwa Bre-X, ya David Walsh wa mji wa Calgary, ilipata eneo hilo. Mwanajiolojia mkuu alikuwa John Felderhof, na utafiti wa pale msituni ulisimamiwa na Mfilipino, Michael de Guzman. Makadirio yakaanza kupanda: aunsi milioni 30 mwaka 1995, milioni 60 mwaka 1996, milioni 70 mwaka 1997. Hizo milioni 70 ni zaidi ya tani 2,000 za dhahabu. Hisa zilizokuwa za senti zikapaa mpaka thamani ya kampuni ikapita dola bilioni 6 za Kanada. Familia ya Rais Suharto ikaingia kwa mazungumzo. Watu wa kawaida wakanunua. Hata mfuko wa pensheni ya walimu wa Ontario ulikuwa ndani.

Shida ilikuwa moja, na haikufichwa. Busang hawakuwa wanaweka nusu. Fimbo karibu yote ilisagwa na kupelekwa maabara, vikabaki vipande vidogo tu. Sababu waliyotoa ilisikika ya kisomi: dhahabu ya hapa iko kwa chembe kubwa zilizotawanyika, kwa hivyo nusu inaweza kudanganya, afadhali tupime yote. Wachambuzi wa soko la hisa wakatikisa kichwa, wakaendelea kununua.

Kumbe kati ya msitu na maabara, mifuko ilikuwa inatiwa vumbi la dhahabu. Na hapa sikiza vizuri: maabara haikudanganya. Ilipima kilichokuwa kwa mfuko, na kwa mfuko dhahabu ilikuwepo. Ila haikutoka kwa ule mwamba. Chembe zilikuwa za mviringo, kama dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto, siyo iliyotolewa ndani ya jiwe.

Machi 1997 kampuni ya Marekani, Freeport-McMoRan, iliyokuwa karibu kuwa mshirika, ilichimba mashimo yake kando ya yale ya Bre-X. Ikapata karibu na sifuri. Tarehe 19 mwezi huo, de Guzman alianguka kutoka kwa helikopta akirudi Busang. Mwezi wa Mei, wakaguzi huru wa Strathcona wakamaliza ubishi: hakuna dhahabu ya maana, na sampuli zimechezewa kwa miaka. Hisa zikawa karatasi. Walsh alifariki mwaka 1998. Felderhof alishtakiwa kuhusu uuzaji wa hisa zake, na mwaka 2007 mahakama ikamwachilia.

Baada ya hapo Kanada ilileta kanuni mpya mwaka 2001: ripoti ya madini lazima isimamiwe na mtaalamu anayejulikana kwa jina, na aeleze sampuli zililindwa vipi. Kambi za utafiti nazo zikakaza taratibu. Katikati ya mifuko ya kawaida unaweka sampuli tupu isiyo na dhahabu, nyingine ambayo kiwango chake kinajulikana tayari, na nyingine ya kurudia. Mifuko inafungwa kwa lakiri. Kila anayeishika anaandikwa. Nani anafanya hayo yote kila siku? Teknishani.

Ndiyo maana sikubali ile kauli ya "hiyo ni kazi ya waliokosa digrii." Sahihi kwa ripoti ni ya mwanajiolojia, sawa, lakini ukweli unalindwa au unapotea pale kwa sanduku. Mifuko miwili ikibadilishana namba, hakuna profesa atakayeirekebisha akiwa ofisini.

Na hii inatuhusu. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha ili wachimbaji wapite, watu wapewe pesa tu. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini miaka ya karibuni mitambo imerudi kuchimba mashimo ya utafiti Kakamega, Vihiga na Siaya. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Asilimia kumi ya nini? Ya namba iliyoanzia kwa sanduku la teknishani. Namba ikishushwa, jamii inapunjwa. Ikipandishwa, watu wanahamishwa kutoka kwa makaburi ya babu zao kwa sababu ya utajiri ambao haupo.

Kwa hivyo kama unafikiria kusomea hii kazi, enda ukijua unaenda kuwa shahidi, siyo mbeba mawe. Na kama wewe ni mtoto wa Ikolomani na kampuni imeita baraza, waache wataje mamilioni ya aunsi mpaka wamalize. Halafu inua mkono, uulize kwa heshima: nusu nyingine ya jiwe iko wapi, na nani ana funguo?