Muziki wa Filamu na Ngoma ya Mvua Ukambani

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja katika historia ya filamu za hali halisi Afrika Mashariki: ni nani anayeichagua sauti inayofuatana na picha? Mfano wetu ni Ukambani, hasa Kitui na Makueni, nchi ambayo ukame wake umewavuta wapiga picha wengi.

Yafaa ikumbukwe kwamba hapo mwanzo picha na sauti zilitengana. Katika mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, filamu zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri na kuchezwa sambamba na picha. Aliyeonekana akilima hakuwa ndiye aliyesikika.

Ukambani, hata hivyo, kazi na mvua vilikuwa na muziki wake tangu zamani. Mwethya, yaani kazi ya ujima, ilikwenda kwa nyimbo za kupokezana. Ngoma ya kilumi, ambayo wachezaji wake hasa ni wanawake wa makamo na wazee, ilitumika kutibu waliopagawa na kuombea mvua. Muziki huu si mgeni kwa wanazuoni: kitabu cha Paul Kavyu, An Introduction to Kamba Music, kilitoka 1977.

Mwaka 2017 ilitoka Thank You for the Rain, kazi ya Julia Dahr wa Norwei na Kisilu Musya, mkulima wa Kitui. Kisilu alishika kamera mwenyewe, akarekodi jamaa yake, shamba lake na dhoruba iliyoharibu nyumba yao. Hapa mwenye shamba ndiye mwenye jicho. Lakini katika filamu yoyote ya namna hii muziki hutiwa baadaye, wakati wa uhariri, na huweza kubadili maana ya picha. Kilumi ikisikika juu ya shamba lililokauka, mgeni husikia mdundo. Mkamba husikia dua. Ikitiwa juu ya picha ya soko, dua hiyo hugeuka pambo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kabla ya uhariri maneno ya nyimbo yanukuliwe kwa Kikamba na kufasiriwa, shughuli ya kila wimbo ielezwe, na waimbaji watajwe kwa majina. Kazi hiyo si ya fundi wa sauti peke yake; ni wajibu wa idara zetu za lugha.