OpenRA
OpenRA ni programu huria inayofufua michezo ya zamani ya mikakati ya vita ya kampuni ya Westwood Studios ya Marekani: Command & Conquer (1995), Red Alert (1996) na Dune 2000 (1998). Watengenezaji wake, ambao hujitolea, waliandika injini mpya kwa lugha ya C#, inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Picha na sauti hutoka kwenye mafaili ya michezo ya asili. Waliongeza pia ukungu unaoficha sehemu zisizoonwa na askari wa mchezaji, na vikosi vinavyopanda cheo kwa kuangamiza maadui. Leseni yake, GPL toleo la 3, humruhusu yeyote kuirekebisha na kuisambaza, mradi msimbo ubaki huria.