Mtihani Unapima Nini?

Ed Roberts, aliyepooza karibu mwili mzima kwa polio, nusura asifike chuo kikuu. Shule yake ya sekondari huko California ilitaka kumnyima cheti kwa kuwa hakuwa amemaliza vipindi vya michezo na udereva. Mwaka 1962 alipokubaliwa Berkeley kusoma sayansi ya siasa, kikaibuka kikwazo kingine: pafu la chuma, mashine ya kumsaidia kupumua aliyolala ndani yake usiku, lenye uzito wa takribani kilo 360, halikupata bweni la kuliweka, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Historia ya marekebisho kwa wanafunzi wenye ulemavu husimuliwa kama historia ya huruma. Mimi naiona kama historia ya kuhoji masharti: hili lina kazi gani? Udereva na siasa, wapi na wapi?

Swali hilo liliingia katika sheria kwa kusuasua. Kifungu cha 504 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1973 kilikataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, lakini kanuni zake zilikaliwa hadi watu wenye ulemavu walipopiga kambi kwa zaidi ya siku 20 katika jengo la serikali San Francisco. Zikatiwa saini tarehe 28 Aprili 1977. Ziliingia hadi mambo madogo: chuo kisimzuie mwanafunzi asiyeona kuingia na kinasa sauti darasani, wala na mbwa wake wa kumwongoza. Kuhusu mitihani, zilitaka matokeo yaonyeshe alichojifunza mwanafunzi, si upungufu wa macho, masikio au mikono yake, isipokuwa pale uwezo huohuo ndio unaopimwa.

Wapo wanaolalamika kwamba hivyo ni kushusha viwango. Hofu hiyo si ya kubeza, na Mahakama Kuu ya Marekani iliisikiliza mapema. Mwaka 1979, katika kesi ya Davis, mwanamke mwenye uziwi aliyetaka kusomea uuguzi, iliamua kwamba chuo hakilazimiki kubadili kiini cha mafunzo yake. Unaweza kubishana na uamuzi huo kwa upande wa Davis (mimi ningebishana), ila mpaka ulichorwa: kiini hakiguswi, njia ya kukifikia inaguswa. Muda wa ziada anaopewa mwanafunzi mwenye ulemavu katika mtihani nao upimwe hivyohivyo. Mtihani wa kupiga chapa kwa kasi una haki ya kushikilia saa. Mtihani wa historia ya Roma, sioni kwa nini.