Theluji ya Kilimanjaro na Ushahidi wa Wenyeji

Sisi wakazi wa Mbezi Luis, ambako mabasi ya Moshi huanza safari, twaijua jasho kuliko theluji. Hata hivyo nchi yetu inayo theluji, na historia yake yafaa ijulikane na kila mwanafunzi.

Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kibo. Kiongozi wake wa safari alimwambia kwamba ile ni baridi tu. Jibu hilo lilikuwa fupi, nalo lilikuwa la kweli. Lakini huko Uingereza mwanajiografia William Desborough Cooley alikana katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, asizingatie kwamba kimo hushinda jua: Kibo kina meta 5,895. Ubishi uliendelea hadi safari za Baron von der Decken, mwaka 1861 na 1862, zilipouthibitisha ukweli. Wachaga, waliouamkia mlima huo kila siku, hawakuwa na shaka tangu awali.

Leo shaka ni nyingine. Theluji mpya bado huanguka, hasa wakati wa masika na vuli, lakini kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu ya kudumu lilipungua kwa kiasi cha asilimia 85. Wataalamu wanapima. Nasi twawasihi walimu wa Moshi na Rombo wawatume wanafunzi kwa wazee, waandike weupe ule ulifika wapi zamani. Ushahidi wa wenyeji ulidharauliwa mara moja. Tusiuache upotee mara ya pili.