Chungu Mezani

Mwanafunzi anayeingia darasa la sanaa sekondari hutazamia kufundishwa mkono na kufunguliwa jicho. Mara nyingi hupata kimoja tu, na jambo hili lina historia yake. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, Uganda, katika miaka ya 1930, aliwasimulia wanafunzi tukio, nao wakachora walichokiona akilini. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alitoka humo akiwachora Wachagga mashambani mwao. Cecil Todd aliyemfuata alileta kanuni za rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Ufundi huo, kwa maoni yangu, ulikuwa umekawia. Walimu wangu walishika njia ya Todd. Muhula mzima nilichora chungu kilekile (kilikuwa na ufa), wala sikuambiwa hata mara moja nichore ninachokikumbuka.