Mimba Ikipitiliza: Mwezi Mwandamo, Sheria na Dripu

Kwenye kadi ya kliniki kuna mstari mmoja ambao ukoo mzima huukariri: tarehe ya matazamio. Siku hiyo ikifika na kupita bila uchungu, simu zinaanza. Shangazi anapiga kutoka Korogwe, wifi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, jirani anabisha hodi akidai amekuja kuazima chumvi huku macho yote yako tumboni. Mwenye mimba, miguu imemvimba na usingizi haumjii, hana cha kuwajibu. Nesi kamwambia arudi Jumatatu, "tukuanzishie." Nyumbani mama mkwe anatikisa kichwa: "Mwanangu, mtoto haitwi. Mtoto anakuja mwenyewe."

Wawili hawa watabishana kuhusu dripu na vidonge mpaka jioni. Mimi naona ugomvi wao ulianza mapema zaidi, kwenye hesabu. Na si wa kwao peke yao. Kila jamii imelazimika kuamua mimba huhesabiwa kuanzia lini, nani apewe faida ya shaka hesabu isipokaa sawa, na nani abaki na mama baada ya kumpa kitu cha kumharakisha.

Ile tarehe ya kwenye kadi ina ukoo wake. Inatokana na kanuni inayobeba jina la Franz Karl Naegele, daktari Mjerumani wa Heidelberg aliyefariki mwaka 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeona hedhi tarehe 10 Aprili atatarajiwa kujifungua tarehe 17 Januari, takriban siku 280 baadaye, yaani kama wiki 40. Kanuni hii inamdhania mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, hauyumbi, na anaikumbuka siku yake. Kwetu wako wangapi? Aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, hedhi haijarudi, hana siku ya kuitaja. Aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi haoni kitu, au akaona matone ya hapa na pale ambayo hajui ayaite nini. Akiulizwa na nesi mwenye foleni ndefu nje ya mlango, anataja tarehe yoyote ili mambo yaende. Tarehe hiyo ya kubahatisha inaandikwa kwa wino, na baada ya miezi minane imeshakuwa sheria.

Wazee wa pwani waliohesabu kwa mwezi mwandamo hawakuwa wajinga. Miezi tisa ya mwandamo ni takriban siku 266, na hizo ndizo siku ambazo mtoto hukaa tumboni tangu mimba kutungwa. Ukianza kuhesabu siku mimba ilipoingia, unafika palepale anapofika Naegele. Ukianzia siku ambayo hedhi ilitarajiwa isije, ambayo ndiyo alama anayoiona mwenye tumbo, unafika wiki mbili baadaye, karibu kabisa na wiki ya 42. Kwa hiyo bibi anayesema "bado" na nesi anayesema "umepitiliza" wanaweza kuwa wanahesabu mimba moja bila yeyote kukosea hesabu, ila kila mmoja ana mahali pake pa kuanzia. Na tusidhani Wazungu wenyewe wamekubaliana. Ufaransa huweka tarehe ya matazamio kwenye wiki ya 41, Uingereza kwenye wiki ya 40. Mjamzito wa wiki 40 na siku tatu anayepanda treni Paris asubuhi bado hajafika tarehe yake. Akishuka London mchana, ameshachelewa.

Shaka ikiwapo, nani apewe faida yake? Hapa mafakihi wa Kiislamu walitoa jibu ambalo leo linashangaza. Kima cha chini cha mimba walikiweka miezi sita, kwa kulinganisha aya inayotaja miezi thelathini ya kubeba na kuachisha ziwa na nyingine inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha. Kima cha juu walitofautiana. Mahanafi walisema miaka miwili. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, walisema miaka minne. Ibn Hazm wa Andalusia alikataa yote hayo, akashikilia miezi tisa. Afrika ya Kaskazini imani hii ilishuka mpaka uani: mtoto anaweza kulala tumboni kwa miaka, kisha akaamka. Mwaka 2004 Yasmine Kassari alitengeneza filamu, *L'Enfant endormi*, juu ya wanawake wa kijiji cha Morocco ambao waume zao wamekwenda ughaibuni, na mmoja wao anailaza mimba yake amsubiri mume. Sheria ya familia ya Morocco leo inaishia mwaka mmoja. Na huku kwetu utamsikia mtu akisema, bila kutania, kwamba mimba ya fulani imeingia mgongoni.

Ni rahisi kucheka. Lakini mjane aliyejifungua mwaka mmoja na nusu baada ya kumzika mumewe alikuwa na mengi ya kupoteza: heshima yake, nasaba ya mtoto, mirathi, pengine uhai. Miaka ile minne ilimkinga. Fakihi aliona shaka akaurefusha muda ili kumwokoa mama na fedheha. Daktari wa leo anaona shaka ileile na kuufupisha ili kumwokoa mtoto na mauti. Kama huruma ya kisheria, naiheshimu kauli ya miaka minne. Kama ushauri wa uzazi, inaua. Kondo la nyuma halikuumbwa kukaa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya mimba milioni 15, ulionyesha hatari ya mtoto kufia tumboni ikipanda kutoka 0.11 kwa kila mimba 1,000 katika wiki ya 37 hadi 3.18 katika wiki ya 42. Bado ni wachache, na mama asitishwe kwa tarakimu hizi. Ila mwinuko uko wazi.

Kuharakisha uchungu nako kuna historia ndefu, na hakuna bara linaloweza kulinyooshea jingine kidole. Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, alikuwa Kongo akifanya kazi ya Msalaba Mwekundu. Aliona akina mama wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu uende mbio, na aliyoyashuhudia wodini yakamfanya ayabebe majani yale mpaka maabara. Ndani yake ilipatikana protini ndogo inayokaza mfuko wa uzazi, isiyokufa hata ikichemshwa, ikapewa jina la kalata B1. Wanasayansi walihangaika nayo mpaka mwaka 1995 walipogundua kwamba mnyororo wake umejifunga kama pete, hauna mwanzo wala mwisho. Leo kuna tawi zima la utafiti wa protini za jinsi hiyo, na msingi wake ni sufuria ya chai ya mama wa Kikongo. Anayesema mitishamba ya uzazi ni maji ya majani tu na aisome habari hiyo vizuri. Mitishamba hiyo ina nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoiponza.

Wamarekani walipita njia hiyohiyo kabla. Mwaka 1808 John Stearns, daktari wa jimbo la New York, aliwaandikia wenzake kuisifu poda ya ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai: inaleta uchungu haraka na kumwokolea daktari saa nyingi za kungoja. (Saa za daktari, zingatia hilo.) Haikupita miaka ishirini, mwenzake David Hosack akawa anaonya kwamba poda ya kuzalisha imekuwa poda ya mauti, kwa idadi ya watoto waliokuwa wakizaliwa wamekufa. Poda ilifanya kazi kweli. Kilichokosekana ni kipimo, kwa kuwa ukungu wa shamba hili haukuwa na nguvu sawa na wa shamba lile. Mkunga wa jadi anayechemsha mizizi leo yuko palepale alipokuwa Stearns.

Mafuta ya nyonyo yako kwenye kundi hilo pia, yanaendesha tumbo na mfuko wa uzazi kwa pamoja. Tende ni mpole zaidi. Kila mwanamke wa pwani anajua kisa cha Bibi Maryamu, aliyeshikwa na uchungu chini ya mtende akaambiwa autikise, zimdondokee tende mbivu ale. Watafiti wa Jordan walichapisha mwaka 2011 kwamba kati ya wanawake waliokula tende sita kila siku kwa wiki nne za mwisho, asilimia 96 walianza uchungu wenyewe, na kwa wasiokula ilikuwa asilimia 79. Wanawake hao walikuwa wachache na hawakupangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo sitakula kiapo. Ila kwa asiye na kisukari, hazina gharama kubwa.

Hospitali ilichoongeza juu ya haya yote ni kipimo na jicho. Oksitosini, dawa ya ile dripu ya kuanzishia uchungu, ilitengenezwa maabara na mkemia Vincent du Vigneaud mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapata Tuzo ya Nobel. Misoprostoli ilitengenezwa kuwa dawa ya vidonda vya tumbo. Kidonge chake cha kawaida kina mikrogramu 200, na kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kuanzishia uchungu kwa kunywa ni mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo wodini nesi huyeyusha kidonge kimoja katika mililita 200 za maji, anakoroga, anavuta mililita 25 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anammiminia mama kwenye kikombe, kisha anaandika saa. Akirudi anashika tumbo, anasikiliza mapigo ya mtoto, ndipo aamue kama atatoa dozi nyingine. Kidonge kizima kilichonunuliwa kwa siri duka la dawa ni dozi nane kwa mpigo. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa wenye kovu la upasuaji.

Nchi tajiri, zilizokwisha kulimaliza suala la kipimo, sasa zinabishania wiki. Marekani, utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha wanawake 6,106 wa uzazi wa kwanza wasio na tatizo lolote ulikuta walioanzishiwa uchungu wiki ya 39 walifanyiwa upasuaji kwa asilimia 18.6, na waliosubiri asilimia 22.2. Kinachonivutia zaidi ni kwamba karibu robo tatu ya wanawake waliofaa kushiriki walikataa. Sweden, watafiti waliokuwa wakilinganisha wiki ya 41 na ya 42 walisimamisha kazi kabla ya wakati, kwa kuwa watoto sita walikuwa wamefariki upande wa kusubiri na hakuna hata mmoja upande wa pili. Uingereza, rasimu ya mwongozo ya mwaka 2021 ilipendekeza wanawake weusi na wa asili ya Asia wafikiriwe kuanzishiwa wiki ya 39 hata kama hawana tatizo. Wanawake wenyewe na wakunga wakapinga: kama tunapoteza watoto wengi zaidi, tuangalieni vizuri zaidi, msitufanye rangi ya ngozi kuwa ugonjwa. Pendekezo likaondolewa kwenye mwongozo wa mwisho. Walikuwa na haki kabisa.

Tunapozileta tarakimu hizo Temeke au Kilifi, tukumbuke kwamba tafiti hizi zilisimama juu ya umri wa mimba uliothibitishwa kwa kipimo cha picha. Shirika la Afya Duniani nalo linapopendekeza kuanzisha uchungu wiki ya 41 linasema kwa mwanamke anayejulikana kwa uhakika kuifikia. Picha iliyopigwa kabla ya wiki ya 14 hukosea kwa siku chache. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea kwa wiki tatu. Aliyeanza kliniki mwezi wa sita akapiga picha mwezi wa nane ana tarehe mbili kwenye kadi, na zote mbili ni makisio. Kumwanzishia huyo kwa kuwa "amepitiliza" kunaweza kumtoa mtoto ambaye bado. Kumwacha kunaweza kumchelewesha ambaye ameshachoka. Kwa maoni yangu, uamuzi wa wiki ya 41 hufanyika wiki ya 12, siku mama anapoamua kwenda au kutokwenda kliniki.

Siku za kungoja nazo ni ngumu, na kuna mila yetu moja naitetea: kutotangaza tarehe. Wazee walihofia jicho baya. Mimi nahofia simu. Mjamzito anayewajibu watu "mwezi ujao, Mungu akipenda" amejinunulia usingizi wa wiki mbili. Nesi na mume wakijua, inatosha. Wengine waje kwenye arobaini.

Kungoja kuwe kwa macho, hata hivyo. Mtoto aliyepunguza kucheza, maji yenye rangi ya kijani, damu, kichwa kinachogonga na macho kuona ukungu: hayo hayasubiri Jumatatu wala ruhusa ya mama mkwe. Na wewe unayemsindikiza dada yako au mkaza mwana wako wodini, mwambie nesi kila alichokunywa nyumbani, chai, mizizi, mafuta ya nyonyo, hata kile ulichomletea wewe mwenyewe, kabla dripu haijafunguliwa. Nawe nesi, ukiambiwa, usifoke. Ukimfokea huyu, anayefuata foleni atakuficha.